Mtani wa Askari Mfu

Kabla ya saa nne asubuhi askari yule alikuwa ameshauawa mara arobaini na moja. Kila akiuawa alisimama, maana ndiyo kazi aliyoundiwa, na kila akisimama alisimama vibaya: mkono wa kushoto ukipapasa ukuta, shingo imeinama kama ya mtu anayeogopa kugonga kichwa kwenye dari. Na pale uwanjani hapakuwa na ukuta wala dari. Palikuwa na mbingu nyekundu, majivu, na ngome iliyobomoka.

Vumilia Kihwele alimtazama kwenye skrini, khanga mbili kajifunga juu ya sweta. Ofisi yao ilikuwa godauni la zamani la alizeti pale Makambako, na mashine za gemu hupenda baridi kuliko binadamu anavyoipenda.

"Anasimama kama mlevi anayetafuta choo," alisema Rweyongeza nyuma yake.

Huyo Rweyongeza ndiye bosi, Mhaya mrefu mwenye sauti ya upole. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kufanya naye kazi. Alikuja na kikombe chake cha chai, akaegemea meza, akaeleza kwa mara nyingine jambo ambalo Vumilia alilijua kabla bosi huyo hajaajiriwa. Gemu lao lilichezwa na watu wa pande zote za dunia. Mchezaji aliingia, akachagua awe nani, akatangatanga, akapigana akitaka. Asipotaka aliweza kuketi na adui yake na kumhoji. Wewe ni nani? Ulikufaje? Mbona hulali? Na adui ilimpasa ajibu, kila mtu na jibu lake, mpaka mchezaji asahau kwamba anaongea na mashine.

"Mfu anayesimama bila sababu ni mdoli," alimaliza. "Mpe sababu, dada Vumi. Mwisho Ijumaa."

Sababu hiyo waliiita chimbuko: habari zote za mhusika kabla gemu halijaanza. Kwa miaka kumi na mmoja Vumilia alikuwa ameandika machimbuko ya wachawi, ya majambazi, ya malkia waliolishwa sumu. Zamani ilikuwa kazi ya kutunga tu. Siku hizi ilikuwa kazi ya kufunika, kwa sababu ya viini.

Viini vilitoka wapi, ofisini kila mtu alijua na hakuna aliyesema wakati wa kula. Wachimbaji wa migodi mikubwa walivalishwa kofia zenye vibati vya kunasa mawimbi ya ubongo, ili mtu akianza kulewa gesi kengele ilie juu. Lilikuwa jambo jema. Lakini mtu akivaa kofia ile miaka minne, zamu kwa zamu, ikanasa hofu zake, nyimbo zake na matusi yake, basi mtu yule ameshanakiliwa. Akifa, nakala inabaki. Kiini hicho ukikitia kwenye mwili wa gemu, kinaongea kuliko chochote ambacho fundi angeweza kukiunda. Ila kinaamka kikiwa na maswali. Kufa na kusimama uwanjani si kitu; lakini ukikiamsha, yaani ukikiwasha upya, mara tano bila chimbuko la kukishika, mara ya sita kinaoza, na kuoza kwake kuna kelele. Vumilia alishazisikia kelele hizo mara moja. Hakuhitaji mara ya pili.

Faili la huyu lilisema: mwanaume, miaka thelathini na minane, mgodi wa makaa ya mawe, kusini. Jina limefutwa. Alipoamshwa mara ya kwanza aliuliza kama basi la Peramiho limeshapita. Mara ya pili aliuliza nani kazima taa. Mara ya tatu Vumilia alimpa chimbuko la mtoto wa mfalme aliyeuawa na nduguye; akalisikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza msiba wa watu usiowajua, kisha akapotea. Mara ya nne alimpa mapenzi. Akacheka.

Ilibaki moja.

Ndipo Vumilia akafanya walichokuwa wakifanya waandishi wazoefu, na ambacho hakuna aliyejisifia. Aliomba mawimbi ya saa ya mwisho, akayasoma kama nesi anavyosoma kadi ya mgonjwa. Chimbuko hushika vizuri pale penye kidonda; ukilibandika mbali na kidonda linabanduka. Hofu ya mtu huyu ilipanda saa nane na dakika kumi na nne mchana, na tangu hapo haikushuka. Kwenye kumbukumbu za mgodi, dakika hiyohiyo, palikuwa na mstari mmoja: mlango wa kuzuia gesi namba tatu umefungwa, watu wanne upande wa ndani.

Vumilia aliandika chimbuko kwa mkao mmoja. Mlinzi wa lango la ngome. Moto unakuja, maaskari wenzake wanne wako nje, yeye anasukuma komeo. Ngome inapona, wanne wanateketea, na ardhi inamkataa: hatalala mpaka lango lifunguke. Alipomaliza chai ilikuwa imeganda utando juu. Na tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Alijua limemkaa.

Lilimkaa. Askari alipoamka mara ya tano hakupapasa ukuta. Aligeuka, akalitafuta lango, akasimama akilipa mgongo, na upanga wake ukatulia mkononi kama umeotea hapo. Rweyongeza akawaita watu wote waje waone. Wakamleta binti wa majaribio, akavaa vifaa, akaingia uwanjani akamuuliza askari nje ya lango kulikuwa na nani.

"Mdogo wangu," alisema askari.

Yule binti alivua vifaa, akaviweka mezani, akasema anakwenda kuota jua kidogo. Watu walipiga makofi. Vumilia hakupiga. Yeye aliandika maaskari wanne. Mdogo mtu hakumwandika.

*

Jumatano asubuhi ilikuwa zamu ya majaribio ya sauti, na hiyo hufanywa na mwandishi peke yake, mlango umefungwa. Unamsemesha mhusika maneno ya kumtuliza, ya kumwogopesha, ya kumkasirisha, na mashine inapima. Yako kwenye orodha, unasoma tu. Sheria mojawapo, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, inasema kiini kisisemeshwe kwa jambo lolote la kwao.

Vumilia alisoma ya kutuliza. Akasoma ya kuogopesha. Alipofika kwenye ya kukasirisha alikuta matusi ya kipuuzi, yametungwa na mtu asiyejua kutukana. Na mbele yake alikuwa amelala mtu wa Peramiho, yaani Mngoni, ndiyo kwanza ameuawa, chali kwenye majivu. Mdomo ulitangulia.

"Amka wewe Mngoni mvivu. Babu zako walitukimbia mpaka ngao wakaziacha, na wewe umelala tu."

Hivyo ndivyo bibi yake alivyosema, siku alipozikwa jirani yao mmoja Mngoni pale Iringa. Vumilia alikuwa na miaka tisa. Bibi alivaa koti la marehemu, akachechemea kama marehemu alivyochechemea, akamtukana maiti mpaka mjane akacheka huku kamasi zinamtoka, kisha akashuka kaburini akalala, akasema hatoki. Wahehe na Wangoni walichinjana zamani. Utani ndio uliobaki. Msiba wa Mngoni bila Mhehe wa kuuchafua ni kama haukufanyika. Kwa hiyo haikuwa dharau. Lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri.

Askari alisimama. Upanga aliuacha chini.

"Mla mbwa," alisema, tusi la kale la Wangoni kwa watani wao Wahehe.

Kisha akakohoa, kikohozi kizito cha vumbi la makaa, na sauti iliyofuata haikuwa ya gemu. "Afadhali umekuja. Nasikia watu wengi wanapita, wanapita, mtani hakuna hata mmoja. Nikasema Wahehe siku hizi wamekuwa Wazungu."

Vumilia alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Akauliza jina lake.

"Otmar Nditi. Usijifanye hunijui, unataka koti langu tu." Akatazama juu. "Hii mbingu ni ya wapi?"

Alimweleza. Angeweza kuzima mashine akaandika ripoti, lakini alimweleza, kwa maneno mepesi, jinsi kofia ilivyofanya kazi, gemu ni nini, na kwamba mgodi ulifukia sehemu ile yote kwa zege na nyumbani walipelekewa barua. Otmar aliuliza maswali kama fundi. Akitoka hapa anakwenda wapi? Haendi. Anafanya nini? Anauawa. Halafu? Anasimama. Mpaka lini?

"Na hili lango?"

"Nimeliandika mimi."

Askari akageuka akaligusa. Kwenye skrini lilikuwa lango zuri, mbao na chuma, mafundi walilihangaikia wiki mbili.

"Mlango ule komeo lake lilikuwa limekufa," alisema Otmar. "Unafunga, halafu ushikilie kwa mkono. Ukiachia unafunguka. Nilijua Alanus yuko ndani, nilimsikia akiniita kaka. Nyuma yangu kulikuwa na watu sitini wanapanda ngazi. Nikashikilia mpaka nikalala palepale." Akaondoa mkono langoni. "Hiyo habari ni yangu. Sijamwambia hata Mungu vizuri. Wewe umeichukua ukaiweka barabarani watu waichezee."

Vumilia alitaka kusema hakujua. Lakini alijua, si jina, si ndugu, ila kidonda alikijua, na alikitafuta kwa makusudi.

*

Rweyongeza hakukasirika alipoambiwa. Alisema hutokea, viini vya sehemu zile vina kichwa kigumu, na dawa ipo: chimbuko lilelile linakandamizwa mara ya pili, kwa nguvu, na mtu wa chini hapandi tena. Kufikia kesho jioni. Wakiacha hivihivi, juu gemu na chini mtu, kitaoza.

Vumilia aliuliza kama Rweyongeza anaona ni sawa.

"Yule bwana alikufa miaka sita iliyopita, dada Vumi. Sisi hatukumuua."

"Na huyo aliyeniita mla mbwa ni nani?"

Rweyongeza alitazama chai yake. "Ni mawimbi," alisema. Halafu, kwa upole uleule: "Na fikiria. Watu milioni watamjua. Watamlilia. Sisi tukifa tutaliliwa na wangapi?"

Lilikuwa neno zito, na Vumilia alirudi kwenye kiti chake akiwa amelibeba. Akimkandamiza, Otmar atakuwepo, lakini hatajua kwamba ni Otmar. Atabaki na maumivu bila mwenye maumivu. Akimwacha, ataoza akipiga kelele. Njia ya tatu alikuwa nayo, na aliiogopa kuliko hizo mbili. Sheria ya gemu aliiandika yeye mwenyewe miaka ile ya mwanzo: mfu husimama kwa kuwa maziko yake hayakukamilika. Chimbuko likisema amezikwa, na kiini kikiamini, hakuna wa kusimama. Kitazimika kama taa.

Lakini huo nao ungekuwa uongo, wa nne, na ungekuwa uongo wa kuua. Otmar hakuzikwa. Na yeye Vumilia ni nani, mwandishi wa malkia waliolishwa sumu, amzime mtu?

Akarudi kwenye chumba cha sauti, akamuuliza mwenyewe.

Otmar alikuwa ameketi kwenye majivu, mgongo kwenye lango. Alisikiliza yote. "Nikilala, ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Na nikisimama?"

"Utasimama. Lango litakuwa lako, lakini kwa jina la mtu mwingine."

"Jua lipo humo?"

"Lipo. Jekundu."

Otmar akacheka, kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeshiba. "Mngoni mzima niote jua la kuchorwa." Kisha akauliza kama nyumbani wanajua kuhusu mlango. Vumilia alisema ripoti iliandika kwamba ulijifunga wenyewe.

"Basi nani atawaambia?"

"Nitawaambia mimi. Nitapanda basi niende."

"Wewe? Mhehe? Watakuuliza mbwa umemwacha wapi." Utani ukaishia hapo. "Nizike. Lakini usiniambie kwamba nilishazikwa. Usinidanganye tena. Nizike sasa hivi, nikuone."

Na Vumilia akamzika. Aliwasha kamera ili Otmar amwone. Alivua khanga moja akaivaa mabegani kama koti, akatembea kati ya mashine, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta, shingo imeinama isigonge dari, kama alivyomwona akisimama mara arobaini na moja. Hakuna aliyewahi kumwiga mtu vizuri namna ile. "Mimi Otmar Nditi," alisema kwa sauti ya puani, "nina kichwa kikubwa, mgodi mzima haukunitosha." Kutoka kwenye spika Otmar alicheka, akamwambia yeye hatembei hivyo, hivyo anatembea bibi yake Vumilia. Vumilia akalala chini kwenye sakafu ya saruji, ubaridi ukamwingia mgongoni, akasema hatoki kaburini mpaka aambiwe aliyekufa ni mtu wa namna gani, maana asije akawa amelala kwenye shimo la mwizi.

Kwa hiyo Otmar akasema, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kusema. Alitaja mama yake. Alitaja mkewe Skola na watoto wawili. Alitaja shamba la mahindi alilolichelewesha palizi mwaka ule. Mwisho alimtaja Alanus, akasema alimsikia, na alishikilia.

"Basi hili ni kaburi la Otmar, si la mwizi," alisema Vumilia. "Natoka."

Akainuka, akakaa kwenye kompyuta, akafuta lango lote, akaandika maneno machache: Otmar Nditi wa Peramiho alizikwa Jumatano, mchana, Makambako, na mtani wake. Hapakuwa na neno moja la uongo. Akabonyeza.

Askari akajilaza chini polepole, kama mtu anayepima godoro. Vumilia akatoa amri ya kusimama. Akaitoa tena. Majivu yaliendelea kuanguka, yakamfunika miguu, yakamfunika kifua.

*

Rweyongeza alikuja saa kumi na nusu. Naye akabonyeza, mara tatu.

"Kimeharibika?"

"Kimelala," alisema Vumilia. Mkoba wake ulikuwa tayari begani. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye jina la mama, jina la Skola na majina ya watoto wawili, na alikuwa ameamua kwamba haji tena. Basi la kusini hupita pale njia panda saa kumi na moja.

Rweyongeza alivuta kiti akaketi. Hakufoka. Alionekana amechoka tu, kisha akampigapiga Vumilia begani kama unavyompoza mtu aliyevunja kikombe.

"Usijali. Waandishi hamwambiwi, lakini kila kiini huja na nakala kumi na mbili. Kesho tutaamsha ya pili. Na chimbuko lako la lango nimelihifadhi, lile lilishika vizuri sana. Hata ukitaka kupumzika siku mbili, binti wa majaribio ataliweka. Ni kubonyeza tu."

Alipotoka alimfungia mlango taratibu.

Vumilia alibaki amesimama, mkoba begani. Huko nje basi lilipiga honi mara mbili, likasubiri kidogo kama kawaida yake, likaondoka. Alihesabu. Angeweza kuzika wawili, labda watatu, kabla Rweyongeza hajaelewa na kumfukuza. Kumi na mmoja wote hatawamaliza. Wale wengine watalinda lango, na watu milioni watawalilia.

Akaushusha mkoba chini ya meza.

Asubuhi alikuja mapema, akafunga mlango, akaamsha nakala ya pili, akawasha kamera, akavaa khanga mabegani. Kwenye majivu, chini ya mbingu nyekundu, askari alisimama akipapasa ukuta usiokuwepo. Aligeuza uso huku na huku. Hakumjua.

"Samahani," alisema. "Basi la Peramiho limeshapita?"

"Limepita," alisema Vumilia. "Limekuacha umelala, wewe Mngoni mvivu."